Kolera inavyokausha mwili, na kwa nini chumvi na sukari huokoa

Mtu mzima hunywa kama lita mbili za maji kwa siku, lakini utumbo wake hupokea lita nane au tisa. Nyingine zote hutoka mwilini mwenyewe: mate, nyongo, majimaji ya tumbo, ya kongosho na ya utumbo. Karibu yote hurudi kwenye damu, na choo cha kawaida huondoka na maji yasiyofika glasi moja. Hapa Goma, ambako wengi huchota ziwani Kivu kwa bidoni, ni vizuri kuijua hesabu hiyo, maana kolera huivuruga.

Kijidudu cha kolera hakitoboi utumbo. Sumu yake hufungulia milango ya kloridi, sehemu ya chumvi, kwenye utumbo mwembamba, chumvi ikamiminika nje na maji yakaifuata. Ikiwa kali, mgonjwa hupoteza hata lita nzima kwa saa.

Maji hayo ni ya damu. Damu ikipungua, moyo hukimbia, na mishipa ya ngozi hujibana hadi mikono na miguu inapoa. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku, zikatoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Sasa hubana kila tone, na mkojo hukoma. Chumvichumvi zikipotea, misuli ya miguu hukaza kwa maumivu.

Finya ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, uiachie. Ikikawia zaidi ya sekunde mbili kulala, au macho yamezama, au amelegea hata hawezi kunywa, mkimbize kituo cha afya awekewe serumu ya mshipa. Njiani endelea kumpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, maadamu anaweza kumeza.

Sumu ile huacha mlango mmoja salama: ule unaoingiza chumvi na sukari kwa pamoja, na maji nyuma yake. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Pakiti ya SRO, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, hutiwa yote katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Angalia chupa yako, kwani nyingi za dukani ni za lita moja na nusu. Pakiti ikikosekana, tia katika lita moja hiyohiyo vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Hapo msikisie jamani! Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumboni na kuhara huongezeka.

Kila anapohara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa wake 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Ziwa la mama lisikatizwe. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe, yachanganywe mapya.

Mtoto aongezewe zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu.