Barua Isiyofika Mantua

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shule ya bweni ya wasichana niliyosoma mjini Tabora, kidato chetu kilipangiwa kuigiza tamthilia ya Romeo na Juliet siku ya wazazi. Mimi nilipewa nafasi ambayo hakuna aliyeigombea, ya Bruda John, mtawa anayetokea mara moja tu karibu na mwisho ili kueleza kwa nini barua aliyokabidhiwa hakuifikisha. Wasichana warefu walichukua kina Romeo na Tybalt. Enzi za Shakespeare wavulana ndio walioigiza wanawake, kwa hiyo nadhani tulikuwa tunadai haki yetu.

Mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza alikuwa ametufundisha kuitazama tamthilia hiyo kwa kufuata nyendo za wajumbe wake. Alituonyesha kwamba vijana wale wawili wasingekutana kabisa kama mtumishi wa akina Capulet, ukoo wa Juliet, angejua kusoma: alipewa orodha ya wageni wa karamu, ikamshinda, akamwomba kijana aliyemkuta njiani amsomee, na kijana huyo alikuwa Romeo. Baadaye yaya wa Juliet ndiye anayekwenda na kurudi akibeba maneno ya wapenzi, na Padri Laurence, anapompa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, anaahidi kumwandikia Romeo aliyeko uhamishoni katika mji wa Mantua ili aje kumchukua. Mwalimu alipenda pia kutukumbusha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, kitabu tulichokionea fahari kwa kuwa mtafsiri mwenyewe alisoma Tabora tangu 1937. Humo barua ya Antonio yenye habari za kufilisika kwake inamfikia rafiki yake Bassanio saa ileile aliyompata mchumba wake Portia, bila kuchelewa hata kidogo.

Barua yangu niliitengeneza kwa karatasi niliyoichovya kwenye majani ya chai ili ionekane kuukuu, nikaifunga kwa nta ya nyuki aliyonipa mwenzangu ambaye mama yake alikuwa akiuza asali. Joho lilishonwa kwa shuka la kahawia, na kiunoni nilijifunga kamba ya katani.

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Kwa kuwa mchezo ulikuwa kwa Kiingereza, kabla ya kila onyesho mwalimu alisimama pembeni na kuwaeleza wazazi kwa Kiswahili kile ambacho wangekiona. Mambo yalikwenda vizuri hadi zamu yangu. Niliingia, nikasema maneno yangu machache, nikamrudishia Padri Laurence barua yake, na nilipogeuka kutoka nikasikia sauti kutoka benchi la mbele.

“Subiri kwanza, Bruda. Usiondoke.”

Alikuwa babu wa mmoja wa wanafunzi, mstaafu wa reli ambaye, kama tulivyokuja kuelezwa, kwa miaka mingi alishughulika na mifuko ya posta katika njia ya Tabora na Kigoma. Alikuwa amesimama kabisa, fimbo mkononi.

“Barua ya watu imekushinda kuipeleka. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa?”

Nilimtazama mwalimu, naye akanipa ishara kwamba nijibu. “Shikamoo, babu,” nilisema, na bwalo zima likacheka kumsikia mtawa wa Verona, mji wa akina Romeo, akiamkia. Alipoitikia nilimweleza kwa Kiswahili yale niliyokuwa nimekwisha kuyasema kwa Kiingereza: kwamba nilimfuata mtawa mwenzangu aliyekuwa akitembelea wagonjwa, ili tufuatane safarini, kwamba wakaguzi wa mji walishuku kuwa nyumba tuliyokuwamo ina tauni, wakatufungia ndani, na kwamba hata mtu wa kumpa barua sikumpata, kwa jinsi watu walivyoogopa kuambukizwa.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Alisema hilo analielewa, kwa kuwa wakati wa kipindupindu naye aliwahi kuzuiwa njiani akiwa na mizigo ya watu. (Shakespeare naye hakubahatisha: kati ya 1592 na 1594, miaka michache kabla tamthilia hiyo haijachapishwa mwaka 1597, majumba ya michezo ya London yalifungwa kwa sababu ya tauni.) Kisha akauliza swali ambalo hata darasani halikuwa limeulizwa.

“Na yule kijana aliyeleta habari za msiba, yeye alipitaje?”

Hapo mwalimu mwenyewe alisogea mbele, akajibu kwamba Balthasar, mtumishi wa Romeo, alimwona Juliet akilazwa kaburini na papo hapo akapanda farasi wa posta kwenda Mantua. Mzee alifurahishwa sana na farasi wa posta. Aliuliza umbali, akaambiwa ni kama kilomita 40, akasema kwamba kutoka Tabora hata Sikonge hujafika. Halafu akanirudia mimi.

“Aliyekutuma alikuambia humo ndani mna nini?”

Sikuwa na maneno ya kukariri kwa swali hilo, lakini jibu lilikuwamo kitabuni. Ni baada ya kusikia kwamba barua haikufika ndipo Padri Laurence anapotamka kuwa haikuwa barua ya kawaida, na kwamba kuipuuza kunaweza kuleta hatari kubwa. Bruda John anaonekana kusikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

“Hakuniambia, babu.”

“Basi huna hatia. Barua kama hiyo huandikishwa rejista, na mchukuzi huambiwa. Endeleeni.”

Tuliendelea. Kwa vifo vya wapenzi wale wengi wanalaumu bahati mbaya au ugomvi wa koo zao mbili, lakini mimi tangu siku ile namlaumu zaidi padri, ambaye hata baada ya kurudishiwa barua anasema atamwandikia Romeo tena. Kule Mantua, Romeo alikuwa amemuuliza Balthasar mara mbili kama ana barua yoyote kutoka kwa padri, na aliposikia hakuna, akasema si kitu.

Mchezo ulipokwisha mzee aliomba aione barua. Alibandua nta kwa kucha, akaikunjua, akaigeuza upande wa pili, akaniuliza kwa nini ni tupu. Mwalimu alicheka hadi akaketi, kisha akaniagiza niiandike kabla hatujarudia mchezo mbele ya shule jirani, kwa kuwa Shakespeare hakutupa maneno ya barua hiyo popote. Niliiandika jioni katika chumba cha kujisomea, wenzangu wakibishana juu ya salamu za kuanzia, na mwishowe nikaziacha salamu zote nikaanza na habari yenyewe: Juliet hajafa, amelala, uje kabla ya saa 42 hazijaisha. Juu ya bahasha niliandika jina la Romeo, Mantua, na pembeni, kwa wino mwekundu, neno “Rejista”.