Mgeni wa kwenye debe la njiwa

Tangu niweke ile picha kwenye stetasi simu haijatulia. Kuna wanaouliza kama nimerogwa, kuna wanaotaka video zaidi, na mjomba wangu wa Mambrui kanitumia dua ya kunisomea asubuhi na jioni. Sasa nimeona niandike hapa mara moja nisihadithie kila mtu peke yake. Ndiyo, nilikaa na nyoka ndani ya nyumba, Malindi hii hii, Muyeye, siku chache tu, na hapana, hakuniuma, manake hata angetaka meno ya kuniumia hana.

Mimi nafuga njiwa. Nimewapigilia madebe kuukuu ukutani nyuma ya jiko, chini ya makuti, na mtu wa pwani hahitaji kuambiwa makuti yanakaa nini, kuna mijusi, kuna panya, kuna ndege wanaotaga humo humo, na vyote hivyo ni chakula cha mtu. Usiku huo baada ya isha njiwa wakawa wanapapatika hawatulii, nikamtuma mpwa wangu apande kiti na tochi ya simu aangalie kama ni paka. Alishuka kwa kuruka, kiti kikaenda upande wake na yeye upande wake. "Shangazi, mle ndani mna mdudu." Hakusema nyoka kwa sababu bibi yake hataki litajwe usiku, lakini sote tulielewa ni mdudu gani huyo.

Mama akatoka na buibui juu juu, akasimama mbali, akaanza kuongea na debe. "Kama u jini tuondokee kwa amani, hatukukuudhi. Kama si jini basi yatakayokupata shauri yako." Kwetu wa kwanza kuambiwa ni nyoka mwenyewe, nyoka wa majumbani huonywa kabla ya kuguswa, ndivyo tulivyofundishwa chuoni, madrasa. Jirani yetu yeye hakuja kuonya mtu, alikuja na panga.

Na sitaki mtu amcheke huyo jirani. Ndugu yake aliumwa na kifutu akipalilia mahindi, wakamfunga mguu na mpira wa baiskeli kwa nguvu zote, wakamwekea lile jiwe jeusi watu wanalosema linanyonya sumu, wakasubiri linyonye. Jiwe halinyonyi chochote jamani. Na kule kufunga kunazuia damu, wakati sumu ya kifutu yenyewe kazi yake ni kuozesha nyama, kwa hivyo unakuwa umemsaidia nyoka. Walipofika hospitali vidole vya mguu vilikuwa vimeshakufa. Mtu aliyeshuhudia hayo ukimwambia "subiri tuangalie ni nyoka gani" anakuona wewe ndiye huna akili. Isitoshe huku kwetu wapo kweli, si hadithi za kutishia watoto. Kuna nyoka anayeitwa mamba wa kijani anakaa juu ya miembe na mikanju, kuna swila, na mmoja wa hao swila ni mkubwa kuliko swila wote wanaotema, anapita mita mbili, anakulenga macho. Huyo wanasayansi walikuja kumpa jina lake mwenyewe 2007, Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, yule mzee aliyeanzisha Bio-Ken, kile kituo cha nyoka, pale Watamu 1980 pamoja na mkewe Sanda. Yaani swila mkubwa wa kutema kapewa jina la mtu wa Watamu, na sisi tuko hapa juu kidogo tu ya barabara.

Kilichomwokoa mgeni wangu ni namba ya simu. Kuna kijana wa upande huo wa Watamu, kazi yake ni nyoka, alikuja zamani kutoa swila kwenye ploti ya rafiki yangu na mimi nikahifadhi namba yake, nikamwandika "Nyoka" basi, halafu nikasahau. Nikampigia. Jambo la kwanza aliloniambia ni nisimguse na wala nisijaribu kumtoa kwa kijiti.

"Dada, simama hapo ulipo. Vuta kwa kamera, usisogee wewe. Nataka kichwa na shingo."

Nikampiga picha. Nyoka mwembamba, rangi ya kahawia inayokwenda kwenye waridi, shingoni ana alama kama herufi V zimepangana, moja nyuma ya nyingine. Alikuwa amejikunja mikunjo ya nusu duara na ile mikunjo inasuguana, inapita hii juu ya hii bila kusimama, na inatoa sauti ya msumeno kwenye mbao kavu. Sauti hiyo ndiyo iliyotumaliza nguvu sote. Afu ghafla anafungua kinywa wazi anarusha kichwa mbele, mpwa wangu kila akirusha naye anaruka. Kijana wa nyoka akataka nimrekodie na sauti. Nikarekodi, nikatuma, kimya kidogo, kisha akapiga akicheka.

"Hiyo sauti haitoki mdomoni, dada. Ni magamba yake anasugua. Anajifanya kipiri, yule nyoka wa sumu, ili mkimbie. Huyo anakula mayai tu, meno hana."

Sikuamini. Nikamuuliza mara ngapi sijui, una hakika, una hakika. Akaniambia angekuwa na shaka hata chembe angetuambia tufunge mlango tukalale kwa jirani. Shida ilikuwa yeye yuko Kilifi, na mvua za masika zilikuwa zimeanza, asingefika mpaka siku mbili tatu. Tukimwacha pale jirani atamuua, hilo sote tulilijua, jirani mwenyewe alisema wazi wazi. Basi akatupa maelekezo kwa video. Tukaliziba debe mdomo kwa sinia la pilau, tukalishusha taratibu, tukaliinamisha kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko, tukavuta sinia, akateremka mwenyewe. Kifuniko tulishakitoboa kwa msumari wa moto. Ndani kitambaa cha kujifichia na kibakuli cha maji, juu jiwe la kusagia, ndoo ikaenda bafuni na bafu likafungwa kwa nje. Mama akahamia chumba cha mbele.

Narudia hapa kwa wale ambao tayari wameshaanza kunitumia picha za nyoka zao: mimi sikumtambua, aliyemtambua ni mtu mwenye kazi yake, na alikuwa na picha nzuri na sauti. Wapo nyoka wawili wanafanana hivyo hivyo na mmoja wao anaua. Usinitumie mimi, tafuta mtu kama huyo, na Bio-Ken wenyewe eneo lao la Watamu huja kutoa nyoka bila malipo.

Sasa kukaa naye. Kusema kweli mchana anachosha. Analala chini ya kitambaa, huoni kitu. Watoto wa mtaa mzima walipanga foleni mlangoni, wakichungulia kwenye matundu wanaona kitambaa cha bluu, wanaondoka wamevunjika moyo. Jamaa mmoja wa ufukweni akaja kuniambia eti tumpeleke kwa watalii wampige picha kwa pesa. Nikamwambia sheria ya wanyamapori ya 2013 haitaki mtu afuge mnyama wa porini bila kibali, na mimi nipo naye kwa kungoja mwenye kazi aje, sina mpango wa kufungua biashara. Akasema basi angalau awe anatozwa anayekuja kuchungulia. Huyo atafika mbali.

Usiku ndiyo nyoka anaamka. Kijana alishaniambia nisihangaike na chakula, kwamba nyoka hawa, ndege wakiacha kutaga, wanakaa na njaa miezi na hawafi, lakini nikitaka nimwekee yai la njiwa, liwe jipya. Nikaweka. Usiku wa kwanza hakuligusa. Usiku uliofuata nikafungua kifuniko kidogo, tochi nimeifunika kwa ncha ya leso ili mwanga usimchome, na nikamkuta analichunguza. Ulimi unatoka unaligusa huku, unaligusa kule, anazunguka, anarudi, mimi mgongo unaniuma kwa kuinama. Anapima kama ni zima, nilikuja kuelewa, yai bovu au lenye kifaranga kikubwa ndani analiacha.

Akalisukuma mpaka kwenye ukuta wa ndoo lisimteleze, akaanza kulivaa. Hakuna neno jingine, analivaa. Kichwa chake si kikubwa kuliko ncha ya kidole changu gumba, na lile yai pamoja na udogo wake lilikuwa kubwa kuliko kichwa mara kadhaa. Taya zikaachana, ngozi ya shingo ikavutika mpaka magamba yakatengana, katikati ya gamba na gamba unaona ngozi nyeupe nyembamba. Pole pole yai likaingia lote, likasimama pale kooni, donge. Nikadhani limemkwama. Akanyanyua shingo, akaikunja hivi, akaibana, na nikasikia kwa masikio yangu "kwa", dogo, kavu. Kumbe meno ya huyu hayapo kinywani, ana vimifupa vya uti wa mgongo vimechomoza ndani ya koo, ndivyo vinavyopasua gamba. Donge likanywea. Ute na kiini vikaenda chini, halafu akakaa kama anayetaka kutapika, akapanua kinywa, na gamba likatoka limebanwa, bapa, kama kitumbua kilichokaliwa. Bado limeshikamana na utando wake, halikumwagika hata tone.

Nilimwamsha mpwa wangu aje aone gamba. Nilimwamsha na mama. Mama alilitazama kwa mbali akasema subhanallah, kisha akauliza kama lile yai lilikuwa la wale njiwa weupe. Lilikuwa la wale njiwa weupe. Akanuna.

Kijana wa nyoka alifika na pikipiki matope mpaka magotini. Akafungua ndoo, akamtoa kwa mkono mtupu, jirani akarudi nyuma mpaka ukutani na panga lake. Yule nyoka alifanya maigizo yake yote, akasugua magamba, akarusha kichwa, akampiga kijana kwenye mkono na ule mdomo mtupu, na kijana akaunyoosha mkono wake jirani auone, hakuna alama, hakuna damu. Jirani akautazama mkono muda mrefu. Hakusema kitu, lakini panga akalishusha.

Mimi nilidhani atampeleka msitu wa Arabuko-Sokoke, ndivyo nilivyowaahidi watoto. Akakataa. Nyoka ukimpeleka mbali hajui maji yako wapi, hajui pa kujificha, anazunguka kutafuta kwao mpaka analiwa au anakufa barabarani. Wapelekwe karibu, nje kidogo ya nyumba za watu, basi. Tukaenda mguu, msafara wa watoto nyuma, mpaka kwenye vichaka huko nyuma ya mashamba penye minazi iliyojaa viota vya mnana, kelele zao zinasikika kabla hujafika. Alimweka kwenye shina la mkwaju na yeye akapanda, bila haraka, watoto wakampungia mkono. Mmoja akaniuliza kama minana watamchukia shangazi. Nikamwambia hawatajua ni mimi.

Wiki iliyofuata nikapigiwa usiku na jirani. Si yule wa panga, wa nyumba ya pili, anasema ana mdudu kwenye makaa, na kwa kuwa mimi siku hizi ni mtaalamu nije na ndoo yangu. Nikamwambia siji, na ndoo siitoi, atoe watu jikoni afunge mlango, nikampa namba. Safari hii kijana alikuwa karibu, akaja na fimbo yake ya ndoano na pipa, na nyuma ya gunia akatoa kifutu mnene wa mafuta, ametulia tuli pale pale. Hawa ndio tabia yao, hawakimbii, wanategemea hawaonekani, mtu anakanyaga, na ndiyo maana wanaumiza watu wengi hivi Afrika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilirudisha kuumwa na nyoka kwenye orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa, wanataka vifo vipungue nusu ifikapo 2030, na yule mama wa nyumba ya pili alikuwa anaingiza mkono kwenye lile gunia kila alfajiri akiwasha jiko la mahamri.

Wanaouliza afanye nini mtu akiumwa, niliyoambiwa ni haya: usikate, usinyonye, usifunge kamba, mtulize, kiungo kisichezeshwe, hospitali mbio. Akitemewa machoni ni maji, mengi, hapo hapo, halafu hospitali.

Na wanaouliza habari ya ile ndoo, ipo. Nimeisugua kwa sabuni na dawa ya choo na kuianika juani, lakini mama amegoma kabisa kuiogea, anataka nyingine, na asiwe yeye wa kuinunua.