Mizunguko elfu tatu

Jana jioni tulikuwa kwenye foleni ya Ndeeba, hapa Kampala, mimi na kijana wangu, Subaru moja ikatupita kwa fujo. Dereva alipoachia akseleta ikalia pa! pa! pa-pa-pa! Bodaboda wawili mbele yetu wakayumba. Mtoto akaziba masikio, kisha akacheka, akaniuliza: "Baba, nani ameifundisha gari ile kupiga risasi?"

Nikamwambia nitamweleza nyumbani. Tulipofika alikuwa ameshasinzia. Mimi ndiye niliyekesha.

Wakati ule nilikuwa bado Walukuba, kule Jinja, kabla ya Kampala, kabla ya mama yake. Ile Corolla yenye injini ya 4A-GE ilikaa chini ya mwembe mbele ya kota zetu karibu mwezi mzima. Kompyuta yake ya kiwandani iliingia maji ikafa, mwenye gari akaniletea ya kupangwa kwa laptopu, ile ambayo wewe mwenyewe ndiye unayeiambia mafuta kiasi gani na cheche lini. Nyaya, sensa, taimingi, yote hayo yalikwisha. Ikawa inawaka vizuri, inatulia. Kilichobaki kilikuwa kikomo cha mizunguko, yaani injini isizunguke kupita mara ngapi kwa dakika, na mimi nilikiona kama kazi ya kumalizia, ya dakika kumi.

Injini haijui kujihurumia. Likanyage gari likiwa halina gia, litapanda tu mpaka kitu kishindwe. Springi za valvu zinafika mahali haziwahi tena kufunga, valvu zinaelea. Au bolti ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inakatika, na konrodi inatoka nje kwa kutoboa bloku. Nimeshashika bloku ya namna hiyo mikononi, tundu lake unapitisha ngumi. Ndiyo maana kompyuta hupewa namba: ukifika hapa, zuia. Kwa injini ile iliyokwisha tembea sana niliamua 7,200, wala mwenye gari hakubisha.

Alichobishania ni njia ya kuzuia. Kompyuta ile ilikuwa na mbili. Ya kwanza ni kukata mafuta: nozeli zinazopuliza mafuta zinanyamaza, injini inasita, inashuka kidogo, mafuta yanarudi. Haina kelele. Ya pili ni kukata cheche. Hiyo inawahi zaidi, lakini mafuta yameshaingia ndani ya silinda. Hayakuungua humo, basi yanatoka mabichi na kwenda kuungua kwenye bomba la moshi lenye moto. Ile milio inatoka hapo. Inapasua sailensa, na petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda. Gari lingekuwa na tabo, ile inayosukumia injini upepo kwa nguvu, ningemwelewa. Ukikata mafuta tabo ikiwa imejaza upepo, halafu silinda moja ikapata kidogo badala ya kukosa kabisa, injini inagonga, na pistoni inaweza kuyeyuka. Kwenye tabo cheche ina sababu yake. Corolla ile haikuwa na tabo. Mwenyewe alitaka mlio. Na mimi niliutaka, nisimsingizie peke yake. Nilitaka mtaa mzima usikie kwamba fundi wa chini ya mwembe anajua kompyuta.

Kikomo hakijaribiwi kwenye namba yake ya kweli. Unaandika namba ndogo kwanza, ili kama umekosea ujue kabla injini haijaumia. Nikaandika 3,000 ya kukata na 2,800 ya kurudisha. Kati ya namba hizo mbili injini itapanda na kushuka, kupanda na kushuka, upesi upesi, kwa muda wote utakaokanyaga.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Bibi wa kota ya jirani alikuwa barazani kwake, ungo mapajani, anapeta mchele. Mjukuu wake wa kike, bado anajifunza kutambaa, alikuwa ubavuni kwenye mkeka. Bibi aliniinulia mkono, nikamwamkia shikamoo kwa dirishani. Nikaweka laptopu kiti cha pembeni, nikakanyaga polepole. Elfu mbili. Elfu mbili na mia tano. Sindano ikagusa 3,000.

Ta-ta-ta-ta-ta. Mfululizo. Haukuwa kama mlio wa Subaru ya jana, unaolia na kuacha. Ulikuwa umepangika, sawasawa, mkavu, na kuta za kota zikaurudisha. Nikafurahi sana. Nikaendelea kukanyaga, macho kwenye laptopu, naangalia mstari unavyopanda na kushuka pale pale nilipouambia.

Nilipoinua uso, baraza ilikuwa nyeupe. Mchele ulikuwa umemwagika kote, ungo bado unazunguka kwa ukingo wake ukitafuta pa kulala. Bibi alikuwa kifudifudi. Mtoto sikumwona, ila kisigino kimoja kidogo kikitokeza chini ya kanga. Nikazima, nikatoka mbio nikaacha mlango wazi. Nilipomfikia alikuwa akisema kitu kwa sauti ya chini kabisa, shavu lake likiwa sakafuni:

"Zimeni taa. Zimeni taa."

Jua lilikuwa linawaka.

"Bibi, ni gari. Ni mimi, bibi. Ni gari tu."

Hakuinuka mara moja. Alinyoosha mkono kwanza akapapasa kichwa cha mtoto, shingo, mgongo, akautazama mkono wake pande zote mbili. Ndipo akakaa. Punje za mchele zilikuwa zimemganda shavuni. Akalitazama gari chini ya mwembe, akanitazama mimi.

"Gari," akasema. "Mbona linasema kama wao?"

Sikuwa na jibu. Nikachuchumaa, nikaanza kuokota mchele. Naye akaokota. Tuliokota muda mrefu, mtoto akitutawanyia tulichokusanya. Katikati ya kuokota akaniambia, bila kuniangalia, kwamba Aprili ya 1979, vita vilipofika Jinja, walilala watu saba chini ya kitanda kimoja. Nikangoja aendelee. Akasema tu, "Kitanda chenyewe ndicho hicho ninacholalia," akachukua ungo akaingia ndani.

Jioni ile ile nilibadilisha kuwa mafuta. Mwenye gari alinuna, akalipa pungufu, akaondoka nalo. Namba ya 7,200 niliijaribu mara moja tu, mbali, kwenye barabara ya mashamba ya miwa. Tangu hapo, kila nilipotaka kuwasha gari lolote pale kota nilikwenda kwanza kumwambia. "Bibi, nawasha." Alikuwa akinijibu, "Washa, mwanangu," kisha anamnyanyua mjukuu na kuingia naye ndani, hata kwa gari lisilo na kelele yoyote. Sikuwahi kumwona akibaki barazani. Mpaka nahama.

Kesho Jumamosi naletewa Subaru yenye tabo, nayo ni ya kupangiwa kompyuta. Mwenyewe ameshaniambia anataka cheche, na safari hii, kwa upande wa injini, yuko sahihi. Nimegeuza jambo hili usiku kucha. Naweza kwenda kujaribia mbali, lakini gari litarudi mjini, litakaa foleni, dereva atakanyaga akseleta mpaka kikomo mbele ya baraza ya mtu. Hilo siwezi kulipangia namba.

Gereji yangu imezungukwa na nyumba. Asubuhi ya leo nimehesabu milango, ni kumi na mmoja. Jioni nitaanza kubisha hodi, na kijana nitakwenda naye.