Kidole cha Nane

Jumamosi iliyopita, katikati ya mazoezi, binti mmoja aliacha kupiga akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona hapa umeandika nane?"

Nilidhani ananitania. Ana miaka kumi, ndiye mdogo kuliko wote ninaowafundisha kinanda parokiani, na si kawaida yake kuuliza. Nikasogea. Kweli, juu ya nota, pale ninapoandika namba ya kidole (gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5), kulikuwa na 8 nzima kabisa, na mtoto ameweka mikono mapajani akisubiri nimwonyeshe hicho kidole cha nane anakitoa wapi.

Ilizaliwa 3, kwenye kompyuta yangu. Halafu ikatolewa kivuli, na kivuli nacho kikatolewa kivuli, mpaka wino ukaiziba midomo yake yote miwili. Nakala safi ilikuwa kwangu, kwenye faili. Wao walikuwa wanarithishana vivuli.

Hapo nikamkumbuka kijana wa benchi la nyuma. Wiki mbili nzima nilikuwa namsema kwa sababu kila akipanda F, G, A, akifika B flati anaweka gumba. Gumba kwenye kibao cheusi! Kiwiko kinapinda, mkono unakwama, wimbo unachechemea. Nikaichukua karatasi yake. Pale palipotakiwa kuwa na 4 palikuwa na 1. Nikajieleza haraka kichwani: ule mstari mwembamba wa 4 umefifia kwenye mashine, umebaki mguu uliosimama. Mtoto alikuwa anapiga anachokiona. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake, akacheka kwa aibu, "Hamna shida, Mwalimu."

Nimeshinda wiki na jambo hili.

Ninaandikia nota kwenye MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia muziki, na namba za vidole nilikuwa naziacha zilivyokuja, ukubwa wa 8. Nane hizo ni nukta za wapiga chapa, na nukta 72 ndizo zinatimiza inchi moja. Ukipiga hesabu, tarakimu yenyewe haifiki hata milimita mbili kwenda juu. Tena kuna mtego. Ili wimbo utoshe kurasa mbili nilikuwa nimeibana mistari ya nota, nafasi kati ya mstari na mstari ikatoka milimita 1.75 ikawa 1.5. Namba za vidole zimewekwa zifuate ukubwa wa mistari, kwa hiyo zikasinyaa nazo, 8 ikawa chini ya 7. Hiyo ni namba ya kusomwa na mtu aliyekaa mbali na karatasi urefu wa mkono, macho yako kwenye nota, na taa ya ukumbini ni moja.

Nikaiondoa ile alama ya kufuata mistari, nikapandisha hadi 10. Nilibadilisha kwenye mtindo wa maandishi, mara moja kwa namba zote. Zamani nilikuwa naihangaikia moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Fonti ndiyo iliyonila muda. Fonti za vitabu zina sehemu nene na sehemu nyembamba, zinapendeza machoni, ila mashine ya fotokopi haina macho: chembamba inakifuta, chenye tundu dogo inakiziba. Nikaandika 1 2 3 4 5 kwa fonti sita, nikaenda stesheneri, nikamwomba kijana wa pale anitolee kivuli cha kivuli cha kivuli. Aliniangalia akaona nimeanza kuchanganyikiwa, lakini pesa akapokea. Zilizopona ni zile zisizo na vikono, yaani vile vimkia vya kwenye ncha, zenye unene ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Sura yake kama namba za basi. Nimechagua hizo.

Kuhusu mahali pa kuziweka sina mengi: mkono wa kulia juu ya mistari, wa kushoto chini, kamwe si ndani, maana mstari ukipita tumboni mwa 3 umerudi kwenye nane. Penye kodi, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, nazipanga kwa mpangilio wa nota zenyewe, ya juu juu. Sauti ya pili ndiyo tabu, vijiti vya nota zake vinaelekea chini na namba hazina pa kukaa. Nyingine nimezifuta tu.

Na kufuta kulinifundisha zaidi ya fonti. Ukurasa ulikuwa na namba 143. Kila nota nilikuwa nimeivisha yake, kwa woga wa mwalimu anayetaka aonekane amefanya kazi. Nota zikipanda kwa mfuatano, mtoto anahitaji kujua anaanzia wapi na gumba linapita chini wapi, basi. Zilibaki 41, na karatasi ikapumua. (Kuna mwanafunzi niliyembakizia zote kwenye nakala yake. Ametoka kwenye gitaa, na kule 1 ni kidole cha shahada kwa kuwa gumba liko nyuma ya shingo ya gitaa. Vitabu vya zamani vya Waingereza navyo vilihesabu hivyo hivyo kwenye piano, gumba wakalichorea msalaba. Huyu bado vidole vyake vina mataifa mawili.)

Jana jioni nikachapa nakala kumi na mbili. Zinasomeka hadi mlangoni. Nikaketi kuzitazama kama mtu aliyemaliza kupaka nyumba rangi, na macho yakatua pale pale, F, G, A, B flati. Juu ya B flati kuna 1. Nene, safi, haina hata chembe ya shaka.

Haikuwahi kuwa 4.

Wimbo ule niliuandika kwa ufunguo wa G, yaani ngazi yake inaanzia G. Kwenye G, nota ya nne ni C, kibao cheupe, na gumba lina haki yake pale. Mwezi uliopita akina mama wa sauti ya kwanza walilalamika kwamba juu kunawakaba, nikaushusha hadi F kwa kubofya mara mbili. Programu ilihamisha kila nota kama nilivyoiagiza. Kuhusu vidole haikuagizwa kitu, ikaviacha vilivyokuwa. Fotokopi niliyoisingizia haikugusa kitu pale, na kijana wa benchi la nyuma alikuwa anasoma vizuri kuliko mimi.

Nimepitia wimbo wote nikakuta sehemu saba za namna hiyo. Wino umekwisha kwenye printa na kesho ni Jumapili, stesheneri imefungwa. Nimechonga penseli. Nakala ya kwanza ninayoirekebisha ni ya kwake.