Ukuta Uliokolea Chumvi

Kigae cha kwanza kilianguka usiku, mama akadhani ni paka. Cha pili kilimwangukia mjomba mguuni akiwa na povu kichwani, na hapo nyumba nzima pale Makorora, Tanga, ikakubali kwamba bafu lina ugonjwa. Arusi ya mdogo wangu ilikuwa inakaribia.

"Mwanangu, nibandikie hivi viwili tu," mama akamwambia fundi.

"Sawa mama, ngoja kwanza."

Akatoa sarafu ya shilingi 200, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja, sikio karibu na ukuta. Vilivyoshika vililia kwa sauti kavu. Vilivyoachia vililia kama debe tupu. Hivyo akavitia alama ya chaki. Alipofika chini ya bomba la mvua, ukuta mzima ulikuwa chaki. Mama akanitupia jicho: huyu anajitafutia kazi.

Fundi akachokoa lipu kwa patasi, ikamiminika vumbi. Akaonja kidogo, kisha akamnyooshea mama kiganja. Mama, ambaye hali hata embe lisilooshwa, akalamba.

"Chumvi!"

Mchanga wa baharini. Aliyejenga nyumba ile, kabla hatujainunua, aliuchota ufukweni kukwepa gharama. Maji ya kuoga yalipenya kwenye viungo vilivyopasuka kati ya kigae na kigae, yakaiyeyusha ile chumvi. Ukuta ukikauka, chumvi huganda upya ndani ya lipu na kuitifua. Vigae havikuwa na kosa. Vilikuwa vimeng'ang'ania lipu yao, ila lipu yenyewe ndiyo imeachana na tofali.

Ikabomolewa yote. Ukaja mchanga wa mtoni, lipu mpya ikamwagiwa maji asubuhi na jioni isikauke kwa pupa. Gundi aliipaka mgongo mzima wa kigae, si yale madonge matano ya mafundi wa haraka, maana katikati ya madonge ndipo maji hujificha. Viungo akaviziba kwa saruji nyeupe baada ya saa 24. Pembeni, kuta zinapokutana, akatia silikoni, kwa kuwa pembe huchezacheza na saruji nyeupe ingepasuka. Sisi tukawa tunaoga kwa jirani, ambaye kila jioni aliulizia, kwa upole wa kutia shaka, bafu letu linakwisha lini.

Vigae vya rangi ile havikupatikana tena mjini, tukachanganya na vya buluu. Siku ya arusi shangazi kutoka Pangani akauliza kama ndiyo fasheni ya sasa.

"Ndiyo, wifi," mama akajibu bila kupepesa. "Mjini wote wanaweka hivyo."