Seva ya mafaili ilikuwa inapotea kila asubuhi: jinsi nilivyotatua

Jana nimelala vizuri baada ya wiki mbili, kwa hiyo naandika kabla sijasahau. Saa mbili asubuhi watu wakiingia kazini, kompyuta kadhaa zinakataa kufungua seva ya mafaili: jina halipatikani. Ukitumia anwani ya IP, inafunguka papo hapo. Baadaye jina linakubali lenyewe. Intaneti haisumbui hata kidogo.

Nilibadilisha kebo, nikazima na kuwasha swichi, nikafuta kashe (majibu ya majina ambayo kompyuta imeyahifadhi) kwa amri ya ipconfig /flushdns. Nafuu kidogo, kisha yaleyale.

Kilichonifumbua macho ni ipconfig /all, amri inayoonyesha mipangilio ya mtandao. DNS (seva inayogeuza majina kuwa anwani za IP) ya kwanza ilikuwa seva yetu ya ofisini, ya pili 8.8.8.8 ya Google. Siku zote niliamini ile ya pili ni akiba tu. Sivyo! Seva yetu ikielemewa na kuchelewa kujibu, Windows huuliza ya pili, nayo haiyajui majina yetu ya ndani, hivyo hujibu kwamba jina hilo halipo. Kwa kompyuta hilo ni jibu kamili, haiulizi kwingine. Tena huishikilia hiyo ya pili kwa muda.

Nikaiondoa 8.8.8.8 kwenye DHCP (huduma inayozigawia kompyuta mipangilio ya mtandao), chaguo namba 006 la seva za DNS, ikabaki seva yetu pekee. Kisha hiyo 8.8.8.8 nikaiandika kwenye DNS ya seva yetu kama fowada, yaani ipelekewe na seva maswali ya majina ya nje. Mwisho ipconfig /renew na /flushdns kila kompyuta, ili zichukue mipangilio mipya.

Angalia pia mashine zilizowekewa anwani kwa mkono, maana hazichukui mipangilio ya DHCP. Ya mhasibu ilikuwa hivyo, ikaendelea kusumbua siku nzima hadi nilipoirekebisha yenyewe.