Siku moja maishani mwangu: fundi wa projekta kwenye tamasha la nuru mjini Lyon

Saa nne asubuhi. Naamka na mabega yamekaza kama kamba ya ngalawa. Jana nililala saa tisa usiku. Leo ni tarehe 8 Desemba, siku ya nne na ya mwisho ya tamasha la nuru hapa Lyon, Ufaransa, Fête des Lumières kama wenyewe wanavyoliita. Kwa siku hizi nne mji hupokea watu karibu milioni mbili, na hakuna anayelipa kiingilio. Ndugu zangu Tanga huona video kwenye simu: kanisa linapasuka na kujengeka upya, samaki wanaogelea ukutani, matawi yanachipua madirishani. Halafu wananiuliza, "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kubonyeza kompyuta?" Haya nawaandikia wao kwanza.

Mimi si msanii. Wasanii hukaa na mchoro wao miezi mingi. Mimi ni fundi wa projekta, na kazi yangu ni kuhakikisha mchoro huo unakaa ukutani palepale ulipokusudiwa. Nguzo iliyochorwa ikae juu ya nguzo ya jiwe, dirisha juu ya dirisha. Ikisogea kiganja kimoja tu, mtazamaji haoni tena jengo linacheza. Anaona sinema iliyotupwa ukutani.

Saa tano na nusu. Napanda metro ya mstari D kutoka Vénissieux, ile isiyo na dereva. Njiani tunapita kituo cha Monplaisir-Lumière, na kila siku nikifika hapo nainua macho kwenye simu. Mtaa huo ndio walipokuwa ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliowapiga picha za sinema wafanyakazi wa kiwanda chao wakitoka kazini, mwaka 1895. Watu wengi wanaojua sinema wanajua hilo. Mimi hupenda kuwaza kwamba kati ya watu wa kwanza kabisa kurushwa kwenye ukuta mweupe walikuwamo vibarua waliochoka, wanaowahi nyumbani.

Saa sita mchana. Kwenye kizuizi cha kuingilia eneo la tamasha napekuliwa mkoba, japo mlinzi ananijua kwa siku ya nne sasa. Silalamiki. Mwenzangu wa kwenye mnara wa projekta, Mfaransa mtu mzima ambaye mimi humwita mzee naye hucheka, alikuwapo mwaka 2015, tamasha lilipofutwa baada ya mashambulizi ya Novemba kule Paris. Mwaka ule mji uliwasha mishumaa tu kuwakumbuka waliouawa. Mwaka 2020 likafutwa tena kwa sababu ya korona. Mtu aliyeona viwanja hivi vitupu mara mbili mwezi wa Desemba hapuuzi upekuzi wa mkoba.

Mvua ya rasharasha. Mnara wetu wa mabomba ya chuma umefunikwa turubai, na juu yake zimekaa projekta sita. Projekta tuliyokuwa tukiitumia Tanga kwenye kumbi za harusi niliibeba kwapani. Hizi kila moja ina karibu kilo 90 na inatoa lumeni, yaani kipimo cha nuru, 30,000; ile ya harusi ilikuwa na kama 3,000. Zimepangwa mbilimbili, moja juu ya mwenzake, ili nuru ijumlishwe. Zinakaa ndani ya makasha yenye feni kwa sababu adui wetu mkubwa si baridi yenyewe, ni unyevu. Lenzi ikipata ukungu, picha yote inageuka uji. Navua glavu, nakagua lenzi moja moja kwa tochi, nafuta kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda pembeni.

Mvua na tarehe hii ni ndugu wa zamani. Mwaka 1852 watu wa Lyon walikuwa wazindue sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière mwezi Septemba. Mto Saône ukafurika, karakana ya mchongaji ikaingia maji, sherehe ikasogezwa hadi 8 Desemba. Siku yenyewe ilipofika, dhoruba ikatishia kuiharibu tena. Jioni mbingu zikafunguka, na watu, bila kuambiwa na mtu, wakaweka mishumaa madirishani mwao. Hiyo ndiyo mbegu ya haya yote. Mimi ni Mwislamu na sanamu si ibada yangu, lakini nikiwa juu ya mnara natazama wingu jeusi, nawaelewa watu wale vizuri sana.

Saa nane hadi saa kumi: kebo, kikaguzi cha umeme, mikanda ya usalama, wali baridi ndani ya kopo.

Saa kumi na moja jioni. Jua linazama na kazi yangu halisi inaanza, kwa sababu mchana huwezi kupanga nuru. Una saa mbili tu kati ya giza na onyesho la kwanza. Narusha ukutani mistari myeupe ya mraba, kama daftari la hesabu. Kila projekta ina mistari yake, na ukutani kuna alama ninazozijua kwa moyo: kona ya kingo ya dirisha la mwisho kulia, pua ya simba wa jiwe juu ya mlango, ufa mdogo chini ya paa. Usiku wa jana mtu alipanda kwenye bomba la chini la mnara ili apige picha, na leo projekta ya katikati imeinama. Ukiiangalia yenyewe huoni kitu. Ukucha mmoja hapa mnarani ni kiganja kizima kule ukutani. Pua ya simba imekwenda shavuni.

Nashika kompyuta magotini, napeleka nukta moja juu, moja kushoto, natazama kwa darubini, narudia. Pale projekta mbili zinapopishana, kingo za picha lazima zififie polepole, la sivyo unaona mstari mweupe umesimama katikati ya jengo kama bendeji. Vidole vimekufa ganzi hadi nabonyeza kwa kifundo. Saa kumi na mbili na dakika arubaini simba amerudishiwa pua yake. Mzee ananipiga bega mara moja. Kwetu hapa juu hiyo ni nishani.

Saa moja kamili usiku. Taa za barabarani zimezimwa, uwanja umejaa pomoni. Muziki unaanza. Mstari mmoja wa nuru unapita juu ya kingo za mawe kana kwamba mtu anauchora ukuta kwa kalamu, na watu wanavuta pumzi pamoja. Nimeisikia pumzi hiyo siku tatu na bado inanisisimua.

Halafu inafika dakika ya pili, ambapo ukuta wote unazama gizani kabla mto haujaanza kutiririka kutoka paani. Ndiyo sehemu msanii wetu anayoipenda kuliko zote. Na humo gizani, orofa ya pili, dirisha la tatu kutoka kushoto linawaka taa ya ofisi, njano, kama jicho la mtu asiyelala.

Nieleze jambo moja. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi ni ukuta usiopigwa nuru, basi. Nikiwa na lumeni zote za dunia siwezi kufunika taa moja ya dari. Redioni nasikia, "Dirisha! Dirisha!" Msanii, binti mdogo ambaye siku tatu alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, amejishika kichwa.

Nashuka. Mlango wa jengo uko mita sitini tu, lakini mita sitini za watu waliobanana, wenye vigari vya watoto, waliobeba vikombe vya mvinyo wa moto unaonukia mdalasini. Samahani, samahani, samahani. Robo saa. Mlangoni mlinzi anatazama kitambulisho changu, anatazama orodha, jina langu halimo. Namwonyesha dirisha. Anasema haliwezi kuwaka, jengo limefungwa. Namwambia ageuke. Hawezi kuondoka mlangoni. Anampigia mkubwa wake, mkubwa hapokei. Nyuma yangu onyesho la tatu linaanza, najua kwa muziki tu, na ikifika dakika ya pili nasikia watu wakicheka. Wanadhani ni sehemu ya mchezo, au wanacheka makosa, sijui kipi kinauma zaidi. Mkubwa anapokea, anasema ampigie mwingine. Huyo mwingine anataka barua. Barua gani saa hizi, ndugu yangu? Onyesho la nne linaanza. Nimekaa kimya kwa sababu ninajua sauti yangu ikipanda tu, mimi ndiye nitakayekuwa tatizo. Nimeishi hapa muda wa kutosha kulijua hilo. Namwambia mlinzi kwa upole kwamba nitaacha kitambulisho changu mezani kwake na anifuate kila hatua. Anavuta pumzi, anachukua funguo.

Lifti imezimwa. Ngazi. Korido ndefu yenye milango inayofanana, na kwa ndani hesabu inageuka: la tatu kutoka kushoto kwa nje ni la tatu kutoka kulia humu ndani. Nahesabu kwa sauti, "moja, mbili..."

"Tatu," sauti inajibu ndani. "Unatafuta nini, mwanangu?"

Mama wa makamo, amevaa ovaroli ya usafi, kitambaa mkononi, ndoo miguuni. Natoa shikamoo kabla sijafikiri. Anaipokea, "Marahaba," kisha anacheka, kwa maana kwao Bukavu, mashariki mwa Kongo, salamu hii si ya kila siku. Nilikuwa nimepanda ngazi zile na hasira ya saa nzima, nimeshapanga maneno. Yote yameyeyuka. Namweleza. Anasikiliza, anatazama taa ya dari, ananiuliza swali ambalo hakuna kati yetu huko nje aliyewahi kuliuliza: "Sasa mimi nifute hizi meza gizani?"

Zamu yake inaanza saa kumi. Msimamizi wake anakagua orofa nzima saa tatu. Hakuna aliyemwambia chochote kuhusu taa.

Nina kitambaa kizito cheusi mnarani, mita kumi. Mlinzi, sasa ameingiwa na moyo, anampigia mwenzake, mzee anakileta hadi mlangoni. Tunakipandisha dirishani lakini gundi ya utepe haishiki, kioo kina jasho la baridi. Mama ananisogeza pembeni kama ninavyosogezwa na mama yangu jikoni. Anakausha kioo chote kwa kitambaa chake, kwanza kilichoshikwa maji kidogo, kisha kikavu, kisha pembe nne kwa kidole. "Bandika sasa." Utepe ukashika kama msumari.

Kabla ya kufunga upande wa mwisho nilimwambia asitazame kwenye mnara, nuru ile inaumiza macho, atazame chini. Tukasimama sekunde chache. Maelfu ya nyuso, zote zimekuwa za buluu, kisha za dhahabu, zote zimetuelekea, na hakuna hata mmoja anayetuona.

"Miaka yote nasikia tu ngoma yao," alisema. "Aksanti, mwanangu."

Nilirudi mnarani saa mbili na robo. Maonyesho saba yalikuwa yamepita na tundu.

Baada ya hapo saa zimeungana, siwezi kuzitenganisha. Filamu yetu ni ya dakika saba, na kila baada ya dakika kumi inaanza upya. Umati unatoka kwa kulia, mwingine unaingia kwa kushoto. Nakunywa chai ya tangawizi, naangalia joto la mashine, nasikiliza feni. Sauti ya feni ikibadilika mimi hujua kabla ya kompyuta. Miguu siisikii. Mvua inarudi, inaacha. Mtoto amebebwa mabegani kwa baba yake ananyoosha mkono kuukamata mto. Wakati fulani, huenda ilikuwa saa tatu na nusu, mama akatokea chini ya mnara na koti juu ya ovaroli, mlinzi yuleyule amemsindikiza. Akatazama onyesho moja lote. Ilipofika dakika ya pili, ukuta ukazama kama unavyotakiwa kuzama, mweusi tii, na yeye akanyoosha kidole orofa ya pili akamwambia mlinzi, "Kile pale ndicho chumba changu."

Saa tano usiku tumezima. Feni zinaendelea kuzunguka hadi mashine zipoe, halafu kimya. Magari ya mizigo hayaruhusiwi mpaka umati uishe, kwa hiyo tunasubiri tumekaa juu ya makasha. Kisha tunabomoa. Kebo iliyolowa ni nzito mara mbili, na inakunjwa duara moja kwa juu na moja kwa chini, la sivyo kesho itakuwa imejisokota. Projekta moja, watu wanne, ngazi ya kwanza, pumzika, ngazi ya pili. Sita.

Saa nane usiku nimekaa kwenye lori kando ya dereva. Barabara zimejaa vikombe vilivyokanyagwa. Madirishani mwa watu bado kuna mishumaa ndani ya glasi ndogo zenye mifuo, mistari mizima kwenye kingo, mingi imeshazima.

Namhesabia mzee vifaa kwa simu na nagundua kitambaa cheusi kimebaki kwenye lile dirisha. Kesho saa kumi nitakwenda kukichukua, zamu ya mama ikianza. Ameniambia nije na bakuli, atakuwa na sombe. Sisi nyumbani tunaiita kisamvu.